Emuleta: kompyuta ya 1982 ndani ya simu ya leo

Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta moja itende kazi kama kompyuta nyingine kabisa. Ukiiweka kwenye simu au laptopu, inaiga prosesa, kumbukumbu na skrini ya mashine ya zamani, kiasi kwamba programu iliyoandikwa mwaka 1982 haitambui kuwa imehamishwa nyumba.

Mbinu hii si ya juzi. IBM ilipotoa kompyuta za System/360 miaka ya 1960, wateja wake walikuwa na programu za mashine za awali kama 1401, na hawakutaka kuziandika upya. Baadhi ya mashine mpya zikapewa uwezo wa kuziiga zile kuukuu.

Emuleta husoma agizo moja la prosesa ya zamani, hulitambua, hulitekeleza kwa niaba yake, kisha huchukua linalofuata. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, na saa ya prosesa yake ilipiga takriban mara milioni moja kwa sekunde. Simu ya gigabaiti 4 ina nafasi mara 65,536 ya hiyo, kwa hiyo hata simu ya bei nafuu inaimudu. Ugumu uko kwenye wakati. Waandishi wa programu za enzi zile waliitegemea ile chipu ya picha ichore kila mstari kwa wakati wake; emuleta ikiwahi au ikichelewa, sauti inaharibika na picha inaruka.

Programu za kuendesha mfumo wa Linux ndani ya Windows ni jambo jingine: hizo kwa kawaida huitumia prosesa ile ile iliyomo.

Mashine zenyewe si rahisi kuzipata Uganda. Zunguka maduka ya kompyuta zilizotumika Kampala, utakuta laptopu za ofisini, si Commodore. Hata ukiagiza moja kutoka Ulaya, kifaa chake cha umeme kinajulikana kwa kuzeeka vibaya na kuunguza chipu. VICE, inayoiga Commodore, na DOSBox, iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya programu za DOS, mfumo wa kompyuta uliokuwapo kabla ya Windows kuenea, ni emuleta za bure. Ukishazipakua hazihitaji intaneti, wala hazitakula bando lako.

Wengi wanaotaka kuwavuta vijana huanza na michezo. Mimi naona wanakosea. Mwanafunzi wa Senior One aliyezoea michezo ya simu ataitazama ile picha ya viboksi dakika tano, atacheka, atakwenda zake. Mpe skrini tupu kwanza. Commodore 64 ikiwaka inaonyesha rangi ya buluu, tangazo kwamba baiti 38911 ziko wazi kwa BASIC (lugha ya kuandikia programu), na neno READY. Hakuna menyu wala aikoni. Aandike:

10 PRINT "WEBALE"
20 GOTO 10

Kisha RUN. Skrini inajaa shukrani za Kiganda hadi abonyeze Esc, ambayo VICE huitumia badala ya kitufe cha kusimamisha. Sasa aandike POKE 53280,0. Ukingo wa skrini unageuka mweusi papo hapo. Ajaribu 2, uwe mwekundu. Rangi ni 16, kuanzia 0 hadi 15. Hapo ndipo penye utamu: ameweka namba kwenye anwani moja kati ya 65,536, na kitu kimebadilika mbele ya macho yake. Kwenye simu yake mwenyewe hataweza kuigusa kumbukumbu hivyo, maana mfumo hauruhusu. Michezo ije baadaye, akiwa tayari kujiuliza imetengenezwaje.

Kuhusu haki: kutumia emuleta hakuna kosa, lakini programu zilizochomwa ndani ya chipu za mashine, na michezo, vina wenyewe. Kampuni ya Amstrad iliruhusu mwaka 1999 zile za ZX Spectrum, kompyuta nyingine ya nyumbani ya enzi hiyo, zisambazwe pamoja na emuleta. DOSBox ina DOS yake ndani, hivyo mwalimu halazimiki kutafuta ya Microsoft. Leseni za michezo atazikagua mmoja mmoja.