Kidole Kinachokwama: Pale Sindano Inapofaa, na Pale Isipofaa

Unaamka asubuhi, kidole cha pete kimejikunja na hakitaki kunyooka. Ukikivuta kwa mkono mwingine kinaachia ghafla, "tak!", kama kitasa kibovu. Wengi huchua fundo la katikati ya kidole kwa sababu ndipo panaporuka. Wanachua mahali pasipohusika. Bonyeza kiganjani, kwenye shina la kidole hicho: hapo ndipo utakaposhtuka kwa maumivu, na mara nyingi utagusa kinundu kinachotembea kidole kikikunjwa.

Kano za kukunja kidole hupita ndani ya ala, na ala hushikizwa kwenye mfupa kwa vikanda vigumu. Kikanda cha kwanza, cha pale shinani, kikinenepa, njia hubana na kano huota kinundu. Fikiria uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano: kwenda unapita kwa kulazimishwa, kurudi unagoma. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60. Mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban asilimia 10 kuupata maishani, dhidi ya asilimia 2 hadi 3 kwa watu wengine. Kwa hiyo anayekwama vidole viwili au vitatu na apimwe sukari.

Ukiwa bado mchanga, ugonjwa huu huweza kutulia kwa gango linalozuia shina la kidole lisikunjwe, kwa wiki 6 au zaidi. Kisha huja sindano ya dawa: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kidogo, kwa mfano triamsinoloni miligramu 10 hadi 20, pamoja na ganzi. Katika utafiti wa Brazil uliochapishwa 2012, wenye vidole 150, sindano moja ya dawa iliponya asilimia 57, na ya pili ikafikisha 86. Vidole vilivyokatwa kikanda, kwa sindano au kwa upasuaji wa wazi, vilipona vyote katika miezi sita ya ufuatiliaji. Kwa mwenye kisukari dawa hufanya kazi kwa uchache zaidi, na sukari hupanda kwa siku kadhaa, hivyo apime kila siku. Sindano mbili za dawa zikishindwa, kung'ang'ania ya tatu na ya nne si busara; kano nazo hudhoofika.

Kukata kwa sindano hakuhitaji kisu wala nyuzi. Kiganja hulazwa kikitazama juu na kidole hupindwa kwa nyuma, ili kano ipande karibu na ngozi na neva zishuke pembeni. Baada ya ganzi, daktari huingiza sindano ya geji 18, ile nene ya kuchotea dawa, kisha humwambia mgonjwa atikise ncha ya kidole. Sindano ikiyumba, imechoma kano. Huvutwa nje kidogo hadi itulie. Hapo makali yake huelekezwa sambamba na kano na kukwaruza kikanda mbele na nyuma. Mkwaruzo husikika mkononi kama wa kuparua kamba ngumu. Ukiisha, mgonjwa hukunja na kunyoosha mwenyewe mara kadhaa. Bado kinaruka? Kikanda hakijaisha kukatwa, na hilo ndilo kosa la kawaida.

Kidole cha kati na cha pete ndivyo salama zaidi. Kidole gumba ni habari nyingine: neva yake ya upande wa nje hukatiza mshazari juu ya njia ya kano, basi bila altrasaundi ni heri upasuaji wa wazi, mkato wa sentimita 1 hadi 2. Sindano ikisogezwa mbele mno hukata kikanda cha pili, na kano huinuka kama uzi wa upinde.

Kikanda kikishakatwa, anza kukunja kidole siku hiyo hiyo, na usiloweke mkono kwa siku mbili. Kiganja kuuma wiki kadhaa si ajabu. Ganzi inayobaki upande mmoja wa kidole kesho yake, wekundu unaosambaa, au usaha ni vya kurudi hospitali bila kusubiri.