Salme, Siku ya Mwaka na buibui lisilokuwepo

Katika ukurasa wa kwanza wa mswada ulionifikia mwezi uliopita, Binti Salme, mtoto wa Sultani Sayyid Said wa Unguja, anajitanda buibui, anapita mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, anamshika mkono Mjerumani wake, wanaingia mashuani na kutokomea. Niliufunga nikaenda kuinjika chai. Mwaka 1866 wanawake wa Unguja hawakuwa wakivaa buibui bado. Mabinti wa ikulu walitoka na shela na barakoa. Beit al-Ajaib nayo ilijengwa na kaka yake Barghash mwaka 1883. Hayo yanasahihishika kwa kalamu. Taabu ni huyo bwana, maana usiku ule hakuwemo.

Mimi ni mhariri wa riwaya za kihistoria, na kisa hiki naletewa mara kwa mara. Karibu waandishi wote huanza na mapenzi ya darini. Kweli, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alikuwa jirani wa Salme Mji Mkongwe, na nyumba zilikaribiana. Lakini ukianzia hapo, msomaji hataelewa kwa nini binti wa Sayyid Said, alipopata mimba, hakuwa na wa kumkingia kifua.

Rudi nyuma miaka saba. Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na suria wa Kicherkezi (wa Kaukazi), alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili maandishi ya msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mabinti hawakufundishwa kuandika. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua nduguye Majid, aliyekuwa sultani, msichana huyu wa miaka kumi na mitano akawa katibu wa njama. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na upande wa Barghash ukamwona msaliti. Mimba ilipoanza kusemwa barazani, alikuwa amekwisha kutengwa na nusu ya nduguze. Mwandishi akiruka wino ule, kashfa yake inabaki ya majirani tu.

Sasa huo usiku. Ilikuwa Agosti 24, Siku ya Mwaka (mwaka mpya wa Waswahili), wanawake walipokuwa wakiteremka pwani kuoga. Nani angemshangaa mwanamke mmoja zaidi ufukweni? (Usishangae kuwa ni Agosti ilhali Mwaka Kogwa, sherehe ya siku hiyohiyo kijijini Makunduchi, siku hizi ni Julai. Kalenda ile ina siku 365 kamili, kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja.) Mashua ilimfikisha kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer, ikampeleka Aden. Ruete alibaki Unguja, kwa Majid yuleyule, akimalizia biashara zake.

Na hapa ndipo ninapowang'ang'ania waandishi: kaeni Aden. Salme alisubiri huko miezi tisa, kwa mume na mke wa Kihispania aliofahamiana nao Unguja. Desemba akajifungua mtoto wa kiume. Ruete alipofika, tarehe 30 Mei 1867, Salme alibatizwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo, kisha wakaanza safari ya Ujerumani. Mtoto hakufika, alifia njiani.

Yeye mwenyewe, kwenye kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kwa kirefu chakula, mavazi na lugha za Mtoni, jinsi Kiarabu kilivyotawala mbele ya baba na Kiswahili, Kituruki na Kicherkezi vikafumuka akigeuka tu. Mimba haitaji. Mtoto hamtaji. Mwanamke aliyeiba elimu ya kuandika alijua pia pa kuinua kalamu, na riwaya ina haki ya kuingia papo hapo, mradi iingie viatu mkononi.

Mswada nimeurudisha. Pembeni ya ukurasa wa kwanza nimeandika: "Mshushe huyu bwana mashuani. Muache ofisini kwake, afunge hesabu."