Kishindo cha Tembo Ambacho Tembo Hana

Katika mazungumzo ya mtandaoni niliyoyaongoza kati ya watengenezaji wa filamu moja ya wanyamapori na wanafunzi wa sekondari wa mkoa wa Manyara, swali lililonigusa kuliko yote liliulizwa na msichana wa kidato cha pili anayeishi katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Baada ya kuwaamkia wageni, alieleza kwamba tembo hupita nyuma ya nyumba yao usiku, na mara nyingi familia hutambua asubuhi tu, kwa nyayo na kwa mahindi yaliyoliwa. Kisha akauliza: "Kwenye filamu yenu kila hatua ya tembo ina kishindo. Mlikisikia wapi?"

Mtaalamu wa sauti wa filamu ile alijibu bila kuzunguka kwamba hawakukisikia popote. Kilitengenezwa studioni, miezi kadhaa baada ya kupiga picha. Wanafunzi walinyamaza, na niliona kwamba baadhi yao walijihisi wamedanganywa. Kwa kuwa kurekodi sauti za porini ndiyo kazi yangu, nimeona nieleze kwa kirefu yale ambayo muda wa siku ile haukutosha kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni umbali. Mpiga picha mwenye lenzi ndefu anaweza kukaa mita 300 kutoka kwa mnyama na bado akaonyesha kope za macho yake, lakini hakuna maikrofoni inayoweza kuvuta sauti karibu kwa namna hiyo. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, huku upepo, wadudu na injini ya gari la mpiga picha mwenyewe vikibaki palepale karibu na maikrofoni. Isitoshe, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kinachosikika kutoka mita 300 kimechelewa kwa karibu sekunde 0.9 nyuma ya kinachoonekana. Picha za mwendo wa polepole nazo hazina sauti kabisa, kwa sababu kamera inayochukua picha 240 kwa sekunde, zikaja kuonyeshwa kwa kasi ya 24, huigeuza sekunde moja ya kweli kuwa sekunde kumi, na hakuna mlio unaobaki na maana ukinyoshwa kiasi hicho. Picha za droni hata sina haja ya kuzieleza.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya sauti ndogondogo tunazozisikia katika filamu za wanyama, kama vile hatua, kutafuna, na mbawa zinazopigapiga, hutengenezwa na mafundi ambao hukaa mbele ya skrini na kuigiza kila mwendo kwa vitu vya kawaida. Sauti ya nyayo katika theluji, kwa mfano, hupatikana kwa kuminya mfuko wa ngozi uliojazwa wanga wa mahindi. Ni ufundi wa hali ya juu, nami nawaheshimu sana wanaoufanya.

Hata hivyo, kishindo cha tembo ni suala la namna nyingine, kwa sababu hapo fundi haigi sauti iliyoshindikana kurekodiwa, bali anaweka sauti ambayo haipo. Tembo hutembea kama aliyesimama juu ya ncha za vidole, na nyuma ya vidole hivyo kuna mto mnene wa mafuta unaotanuka mguu unapokanyaga na kuusambaza uzito wake ardhini. Nimelala mara nyingi katika hema huku kundi zima likipita karibu, na nilichokisikia kilikuwa matawi yakivunjika, nyasi ziking'olewa na pumzi nzito, lakini si hatua. Mtazamaji aliyefundishwa na filamu kwamba tembo husikika akija atatoka hemani usiku bila hofu, akidhani masikio yake yatamwonya, na kwangu hilo ni kosa la hatari kuliko kasoro nyingi za picha.

Historia ya filamu za wanyama ina makosa makubwa zaidi ya hilo. Mwaka 1958 filamu ya Disney iitwayo White Wilderness ilionyesha lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wa nchi za baridi, kana kwamba wanajirusha majini kwa hiari yao. Mwaka 1982 kipindi cha televisheni ya CBC ya Kanada kilifichua kwamba tukio lile lilipangwa Alberta, kwa kutumia wanyama walioletwa kutoka kwingine. Kishindo cha studioni hakimwumizi mnyama yeyote, lakini nacho huacha imani ya uongo kichwani mwa mtazamaji.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kishindo hicho hukalia nafasi ya sauti halisi, ambayo ni ya ajabu kuliko chochote cha studioni. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Katy Payne, aliyekuwa akichunguza nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, akahisi hewa ikitetemeka kama alivyoihisi zamani karibu na kinanda kikubwa cha kanisani. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1986 yalithibitisha kwamba tembo huwasiliana kwa mivumo ya chini mno, mingine ikiwa chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, ambayo ndiyo mpaka wa sikio la binadamu. Mivumo hiyo husafiri kilomita kadhaa. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi wa mivumo 469 iliyorekodiwa Samburu na Amboseli, ulioonyesha kwamba tembo huitana kwa miito inayofanya kazi kama majina.

Kuirekodi si rahisi. Dishi tunalolitumia kukusanya sauti za ndege halisaidii chochote, kwani wimbi la sauti ya mitetemo 20 lina urefu wa mita 17 hivi na hulipita dishi kama mto unavyolipita jiwe. Huhitajika maikrofoni maalumu, subira, na saa za jioni hewa inapotulia.

Siku ile ya mazungumzo, mtaalamu wa sauti wa filamu alikuwa na rekodi ghafi ya mvumo wa jike kiongozi wa kundi, na alijaribu kuwachezea wanafunzi. Hawakusikia kitu. Programu ya mkutano iliuchukulia mvumo kuwa kelele na kuufuta, na spika ndogo za simu zisingeweza kuutoa hata kama ungefika. Siku ya pili alinitumia faili lenyewe, nami nikalipeleka shuleni. Kwanza tulilicheza kwa kasi mara tatu, mvumo ukapanda na kusikika wazi, mrefu na wenye mawimbi. Kisha yule msichana akaomba lichezwe kwa kasi yake ya kweli kwenye spika kubwa ya shule. Sauti ilikuwa hafifu, lakini koni ya spika ilikuwa ikicheza mbele na nyuma, naye akaweka kiganja chake karibu nayo, akakiacha hapo mpaka rekodi ilipokwisha.