Betri za taa za dagaa hufia nchi kavu

Betri nyingi za lithiamu za taa za dagaa haziharibikii majini. Zinaharibika wakati wa mbalamwezi, zikiwa zimelazwa kwenye kona ya kambi. Mvuvi wa Igombe au Kayenze, kule Ziwa Victoria, anarudi alfajiri ya mwisho wa giza, yaani zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, taa zimekwisha chaji, anaziweka hivyo hivyo mpaka giza lingine. Siku kama kumi hizo zinaweza kuua betri nzima.

Betri huundwa kwa seli, vijibetri vilivyounganishwa pamoja. Ndani ya seli, upande hasi ni karatasi nyembamba ya shaba iliyopakwa grafiti, aina ya kaboni. Lithiamu ikiisha kabisa kwenye grafiti, kwanza huvunjika ule utando mwembamba unaoilinda. Seli ikizidi kushuka, shaba yenyewe huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, kile kimiminika cha ndani ya seli. Ukichaji tena, utando hujengwa upya kwa kula lithiamu, kwa hiyo betri haishiki chaji kama zamani. Shaba nayo hairudi mahali pake: huganda hovyo, na inaweza kupenya kitenganishi kilicho kati ya upande hasi na chanya na kupiga shoti ndani kwa ndani.

Bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, hukata taa seli inapofika kikomo cha chini. Lakini bodi nayo inakunywa umeme kidogo kidogo. Kibaya zaidi ni kile kioo cha kusomea volti ambacho wengine hukiunga moja kwa moja kwenye seli bila kupitia bodi. Kikila miliampea 15 kwa siku kumi, yaani saa 240, kimemaliza ampea-saa 3.6. Betri ya ampea-saa 20 iliyokwisha kukatwa na bodi haina akiba hiyo.

Kwa hiyo giza likiisha, chaji nusu kabla ya kuhifadhi. Kwa betri hiyo ya 20, ampea 5 kwa saa mbili zinatosha. Chomoa taa na kioo, kisha iweke kivulini. Usiijaze pomoni na kuiacha chini ya bati la moto, maana chaji kamili pamoja na joto huizeesha haraka.

Chaji kupita kiasi ni balaa lingine, na hapa lazima ujue una betri ipi. Ya fosfati ya chuma huwa na seli nne kwa mfululizo. Kila seli hujaa kwa volti 3.65 na isishuke chini ya 2.5. Ya nikeli na kobalti huwa na seli tatu. Kila moja hujaa kwa 4.2, na ni salama zaidi kuikatia kwenye 3.0. Zote mbili huuzwa kama "betri ya volti 12", na hapo ndipo watu wanapoumia. Kontrola ya sola iliyopangwa kwa betri ya asidi hupandisha hadi volti 14.4. Gawa kwa nne unapata 3.6, sawa. Gawa kwa tatu unapata 4.8, na hapo kinga iliyobaki ni bodi peke yake. Fundi akiwa ameiruka bodi hiyo kwa waya, grafiti iliyojaa hugandiwa na lithiamu kwa juu, upande chanya hutoa oksijeni, elektroliti hugeuka gesi. Betri inatuna, na inaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Naomba sana mafundi wasiiruke bodi, hata mteja akisisitiza. Kambi hulala watu.

Usiamini kipimo cha jumla tu. Volti 14.0 inaweza kuwa seli tatu zenye 3.4 na moja yenye 3.8, ambayo tayari inateswa. Weka multimita kwenye kila seli.

Seli ya fosfati uliyoikuta kati ya volti 2.0 na 2.5 ijaribu polepole: ampea 1 kwa ile ya ampea-saa 20, mpaka ifike 2.8, huku ukiigusa. Ikipata joto, acha. Ikipita salama, ijaze kwa kawaida, iache siku mbili, upime tena. Inayoporomoka wakati wenzake wametulia ina shoti ndani. Iliyokaa siku nyingi chini ya 1.5 usiifufue kabisa. Iliyotuna usiitoboe ili inywee: iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyavu na petroli, wala usiitupe ziwani.