Mkimya kazini si lazima awe ametulia

Mwisho wa mwezi, ofisi moja ya mizigo hapa Kigoma. Boti imechelewa, wenye dagaa wamejaa dirishani. Karani mmoja anapaza sauti, anatania wapagazi, anampigia mwenzake simu aje amsaidie. Wa pili kimya. Anaiandika stakabadhi ileile mara mbili bila kujua. Tunaowatazama tunasema wa pili ndiye ana moyo, wa kwanza kazi imemshinda.

Hapo tunakosea. Tabia ya mtu huchangia njia anayopitia kukabili msongo wa kazi, lakini haituonyeshi uzito anaoubeba. Mchangamfu huelekea kutafuta watu. Mwenye mpangilio hushika daftari na kugawa kazi. Mwepesi wa wasiwasi huona tishio mapema, na mara nyingi hukwepa au hujilaumu. Na ukimya? Huo hausemi lolote peke yake. Unaweza kuwa utulivu, unaweza kuwa mtu anayechemka ndani huku sufuria imefunikwa.

Richard Lazarus na Susan Folkman, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1984 walitenganisha kukabili tatizo lenyewe na kutuliza hisia. Hakuna iliyo bora siku zote. Foleni inapangika, kwa hiyo ipange. Upepo wa Ziwa Tanganyika hauna bosi. Hapo kushusha pumzi na kunywa chai si uvivu (ingawa wasimamizi wengi hawataki kusikia hili).

Wala tabia si hukumu. Yule karani mkimya, akiulizwa pembeni, mbali na dirisha, huenda akasema.