Kukosa Nafasi ya Uuguzi: Kulielewa Jibu Kabla ya Kukata Tamaa

Mhitimu wa kidato cha nne aliyeomba Stashahada ya Uuguzi na Ukunga akakosa nafasi hupewa jibu fupi mno. Ukurasa wake katika mfumo wa pamoja wa udahili unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi nchini Tanzania, humwambia kwamba hakuchaguliwa, basi. Haumwelezi alizidiwa kwa alama zipi wala ni wapi palipokuwa na upungufu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mlezi na mshauri wa vijana wanaotamani fani hii. Nimeona kwamba ukimya huo huumiza kuliko jibu lenyewe, kwa sababu kijana hujitafutia maelezo, na maelezo anayoyapata karibu kila mara ni kwamba yeye hafai.

Kwa hiyo kijana anaponijia na huzuni yake, nikishamsikiliza humwomba tuketi na matokeo yake ya mtihani na nakala ya maombi yake, tutafute alikwama wapi. Wapo wasio na sifa za kuomba, wapo wenye sifa waliozidiwa na wenzao, na wapo walioangushwa na fomu. Makundi haya hayalii kilio kimoja, na ushauri unaolifaa moja huweza kulipotezea muda jingine.

Sifa ya msingi ya kujiunga ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, huku ufaulu wa Hisabati na Kiingereza ukimwongezea mwombaji nguvu. Daraja D, linaloanzia alama 30, ni ufaulu. Aliyepata F katika Fizikia hana sababu ya kuomba tena mwaka ujao kwa cheti kilekile akitumaini bahati. Njia yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ni bora aambiwe hivyo mapema na waziwazi kuliko kufarijiwa kwa maneno matamu yatakayompotezea mwaka mwingine.

Mwenye D katika masomo yote matatu ya sayansi ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu aliambiwa kwamba ana sifa, akaamini kwamba kuwa na sifa ni kuwa na nafasi. Sifa humpa haki ya kuomba tu. Akichagua chuo cha serikali kilichopo mjini, chenye ada nafuu na kinachojulikana na kila mtu, anakutana na waombaji wenye C na B waliokichagua chuo hichohicho, na nafasi zikiisha zimeisha.

Wazazi wengi huniuliza kwa nini vyuo visiongeze nafasi ilhali hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi ambao kila mgonjwa anauona. Ni swali la haki, na jibu lake lipo wodini zaidi kuliko darasani. Idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaruhusiwa kudahili hutegemea wakufunzi kilionao, vifaa vya maabara ya stadi, na hospitali ambako wanafunzi watakwenda kwa mazoezi. Chukua wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya usiku mmoja wa kawaida. Mama yuko kitandani, uchungu umekolea, na wanafunzi wanne wamevaa glavu. Anayeweza kumpokea mtoto ni mmoja, akisimamiwa na mkunga aliyesimama begani kwake. Watatu wengine watatazama na kumsubiri mama mwingine, ambaye huenda asifike hadi alfajiri, na kila mmoja wao ana daftari la mazoezi linalopaswa kutiwa saini kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Wakiwa kumi, mama hana tena faragha, na wanafunzi watahitimu wakiwa wameona mengi na kutenda machache. Simpendi mtu anayeyadharau machozi ya aliyekosa nafasi, lakini ukomo huu siwezi kuupinga, kwa sababu unamlinda mama yule.

Kijana akishalielewa hilo, hulitazama jibu alilopewa kwa jicho jingine. Hakuna aliyempima subira yake kwa mgonjwa, wala mkono wake unavyotulia wakati wa kutafuta mshipa. Alipangwa katika foleni kwa alama za mtihani alioufanya akiwa na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, na katika chuo hicho mwaka huo foleni ilikatika kabla ya kumfikia.

Kundi la tatu hunikasirisha, maana maumivu yake yangeweza kuepukika. Vijana wengi hujaziwa maombi steshenari, na mwenye steshenari, kwa kutaka kuharakisha kazi, huweka namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye. Taarifa ya kurekebisha machaguo au ya kufunguliwa kwa dirisha jingine la udahili inaingia katika simu ya mtu mwenye mamia ya wateja, ambaye hawezi kumkumbuka kila mmoja. Niliwahi kuketi na binti aliyeamini kwamba amekataliwa mara mbili, kumbe katika dirisha la pili hakuwa ameomba kabisa, kwa kuwa hakujua kwamba limefunguliwa na hakuwa na njia ya kuingia katika akaunti yake. Namba ya simu iwe yako au ya mzazi, nywila uiandike mwenyewe, na usiondoke hapo bila nakala ya machaguo yako.

Kuhusu huzuni yenyewe, siamini katika kumwambia mtu asilie. Aliyeitwa "nesi wetu" nyumbani tangu utotoni, ambaye baba yake ameshauza mbuzi kwa ajili ya ada, amepoteza jambo kubwa, na aibu ya kukutana na majirani wanaouliza anaanza lini chuo ni mzigo halisi. Katika wiki ya kwanza humwomba asifanye uamuzi wowote usiobadilika: asichane vyeti, asikimbilie kulipa popote. Ale na kulala kwa saa zake, na mzazi amsaidie kwa kuwajibu yeye mwenyewe ndugu wanaouliza. Mzazi pia aache kumlinganisha na binti wa jirani aliyechaguliwa, kwani sijawahi kuona ulinganisho huo ukimwinua kijana. Lakini kama baada ya wiki mbili bado hapati usingizi, hataki kula, amejitenga na watu na hafurahii chochote, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na unatibika, kwa hiyo apelekwe kituo cha afya. Akitamka kwamba ni afadhali afe, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Moyo ukitulia, njia zipo. Ninachoshauri kwanza ni kuomba katika dirisha linalofuata kwa kubadili vyuo. Vipo vyuo vya uuguzi vya miaka mingi vilivyo mbali na miji mikubwa, kama Mvumi, Ndanda, Kolandoto na Haydom, vyenye hospitali jirani ambako mwanafunzi hukutana na wagonjwa wengi, na mwombaji asivipite kwa sababu tu hajawahi kufika huko. Baada ya stashahada, mwenye wastani wa alama za chuo (GPA) usiopungua 3.0 na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne anaweza kuomba shahada ya uuguzi, hivyo kuanzia stashahada hakumfungii mtu chuo kikuu. Mwaka wa kusubiri nao una kazi yake, hasa kwa anayerudia masomo, kwa sababu mtihani hufanyika mwezi Novemba na usajili wake hufungwa miezi mingi kabla.

Msimu huu pia ndio wa matapeli wanaouza "nafasi zilizobaki". Chuo halali cha afya kina namba ya usajili ya NACTVET, na jina lake linaonekana katika orodha ya Baraza hilo. Usilipe hata ada ya fomu kabla ya kuliona humo.

Wengine huniuliza kuhusu stashahada ya famasia, ambayo katika sayansi hudai Kemia na Baiolojia bila kulazimisha Fizikia. Ni fani nzuri kwa anayeipenda. Lakini asiichukue akidhani ni mlango wa nyuma wa kuingilia uuguzi, kwa kuwa mwenye stashahada anayeomba shahada ya uuguzi hutakiwa awe na stashahada ya uuguzi, na stashahada ya famasia, hata iwe na GPA ya juu kiasi gani, haitamfikisha huko.