Ukiingia kwenye maji baridi, ichunge dakika ya kwanza

Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mazoezini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasimamia watu wanaojizamisha kwenye maji baridi: wanariadha wanaotaka misuli itulie, waogeleaji wa masafa marefu, na siku hizi watu wa kawaida kabisa walioona video mtandaoni wakavutiwa. Karibu wote huanza na swali moja: nikae humo muda gani? Ni swali zuri, ila lina nafasi yake baadaye. La kwanza ni hili: pumzi yako utaifanyaje katika sekunde 30 za mwanzo?

Wengi wanaamini maji baridi huua kwa kuugandisha mwili. Lakini mtu mzima akiingia hata kwenye maji yaliyokaribia barafu, huchukua kama nusu saa kabla joto la ndani ya mwili wake halijashuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho madaktari hukiita haipothemia. Wengi wanaokufa majini hawafiki huko. Hufa mapema zaidi, wengine ndani ya dakika chache tu.

Ngozi ikipoa ghafla, mishipa ya fahamu inayohisi baridi, iliyo chini kidogo tu ya ngozi, hupeleka taarifa kwenye ubongo zote kwa pamoja. Mtu huvuta pumzi kubwa asiyoikusudia, lita 2 hadi 3 kwa mkupuo mmoja, kisha huanza kutweta bila kujiweza. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu ya ngozini hujikaza, shinikizo la damu hupanda. Hali hii huitwa mshtuko wa baridi. Kama mdomo uko chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, mtu hupaliwa na maji hata kama ni muogeleaji hodari. Mshtuko hufika kileleni ndani ya sekunde 30 hivi, na hutulia baada ya dakika 2 au 3.

Ndiyo maana sikubali mtu ajitose kichwa kwanza. Mwaka 2012, Michael Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambaye ametumia maisha yake ya utafiti kwenye jambo hili, alieleza pamoja na Michael Shattock jinsi moyo unavyoweza kupewa amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Baridi ya ngozini inauambia uende kasi. Uso uliozama na pumzi iliyozuiwa vinauambia upunguze mwendo. Moyo mzima huvumilia mara nyingi, lakini mapigo yanaweza kuvurugika, na kwa mwenye kasoro ya moyo ambayo hajawahi kuijua, mvurugiko huo unaweza kumuua.

Sasa faida. Ile ninayoweza kuitetea mbele ya yeyote ni kwamba mshtuko wenyewe unazoeleka, na kwa haraka. Kuingia mara 5 au 6 tu, dakika chache kila mara, kunatosha kuupunguza karibu nusu, na sehemu ya mazoea hayo hubaki mwilini kwa miezi mingi. Hili naliona kwa macho. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza simtazami usoni, namtazama mabega: yanapanda hadi yanakaribia masikio, kifua kinajaa juu, na nikimuuliza jina lake hawezi kulitaja bila kukatiza katikati. Baada ya vipindi vichache, mtu yuleyule, kwenye maji yaleyale, mabega yanabaki chini na anajibu kwa sentensi nzima. Anayevua, anayesafiri kwa boti au anayeogelea kwenye maji ya wazi amejipatia kinga ya kweli.

Kuhusu kuchangamka baada ya kutoka, hilo lipo na lina sababu. Katika utafiti wa Jamhuri ya Cheki uliochapishwa mwaka 2000, vijana waliokaa saa nzima kwenye maji ya nyuzi 14, vichwa vikiwa nje, kemikali mbili za mwili zinazohusika na kuchangamka ziliongezeka kwenye damu yao: noradrenalini kwa asilimia 530 na dopamini kwa asilimia 250. Takwimu hizi zinazunguka sana mitandaoni, na mara nyingi ile saa nzima haitajwi. Tafadhali usiiige. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Uholanzi, wa mwaka 2016. Watu zaidi ya 3,000 walishirikishwa, na baadhi yao walimalizia kuoga kwa maji baridi ya bomba kwa sekunde 30, 60 au 90, siku 30 mfululizo. Walikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kwa asilimia 29 pungufu kuliko wenzao. Hata hivyo, siku walizojisikia wagonjwa hazikupungua kwa kiasi cha kueleweka. Walichopata ni uwezo wa kuendelea na shughuli. Tena waliokaa sekunde 30 walinufaika sawa na waliokaa 90. Tangu niusome, sioni haja ya mtu kujitesa.

Uchambuzi wa Australia wa mwaka 2025, uliokusanya tafiti 11 zenye washiriki 3,177, ulikuta msongo wa mawazo ukipungua saa 12 baada ya kujizamisha, huku dalili za uvimbe wa ndani, yaani ule mwitikio wa mwili kama umeumia, zikipanda mwanzoni badala ya kushuka. Kwa hiyo anayekuambia maji baridi yanaondoa uvimbe papo hapo, usimwamini.

Kwenye misuli inategemea unataka nini. Maumivu ya siku moja au mbili baada ya mazoezi makali hupungua, na kwa mwenye mechi kesho kutwa hilo lina thamani. Ila kama unainua vyuma ili misuli ikue, usiingie kwenye maji baridi mara tu unapomaliza. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa wanaume waliokaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya kila zoezi la nguvu, kwa wiki 12, misuli yao ilikua kidogo kuliko ya waliopumzika kwa kuendesha baiskeli taratibu.

Kuna mahali pamoja ambapo sina shaka hata chembe: kiharusi cha joto kinachompata mtu akiwa mazoezini. Mkimbiaji ameanguka, joto la ndani limepita nyuzi 40, anaongea yasiyoeleweka. Huyo azamishwe kwenye maji baridi palepale, kichwa kikishikiliwa nje, apozwe kwanza ndipo asafirishwe. Kila dakika ina uzito.

Kwa mwenye afya anayetaka kuanza, anza na maji ya nyuzi 15 hadi 20, na upime kwa kipimajoto, kwani mkono hudanganya. Huna haja ya kushuka chini ya nyuzi 10: mshtuko unakuwa umeshafika ukali wake, kinachoongezeka zaidi ni maumivu na hatari ya kuumiza neva za vidole. Tanguliza miguu, shika ukingo, na toa pumzi polepole kwa mdomo. Usipumue harakaharaka kabla ya kuingia na usizuie pumzi chini ya maji. Watu wamezimia hivyo wakazama bila hata kupiga kelele. Dakika 1 hadi 3 zinatosha. Usiwe peke yako, na usiwe umekunywa pombe. Jaribu kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Vikikataa kukutana, umeshachelewa kutoka.

Ukitoka, joto la ndani huendelea kushuka kwa muda, hivyo unaweza kutetemeka zaidi nje kuliko ulivyotetemeka majini. Jikaushe, vaa nguo kavu, keti, kunywa kitu cha moto. Usikimbilie maji ya moto ya bomba: mishipa ya ngozi ikifunguka ghafla shinikizo la damu hushuka na unaweza kuanguka. Wala usiendeshe gari hadi mtetemeko uishe.

Na ukianguka majini bila kutarajia, usianze kuogelea. Lala chali, uelee, uso ukiwa juu, mpaka pumzi irudi mikononi mwako, ndipo utafute pa kushika.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, pumu, au ngozi inayovimba kwa baridi, pamoja na mjamzito, wasiingie kabla ya kuonana na daktari. Yeyote akitoka na maumivu ya kifua, akakosa pumzi hata baada ya kutulia, au akakohoa povu lenye rangi ya waridi, apelekwe hospitali saa ileile. Mapafu yanaweza kuwa yamejaa majimaji yatokayo kwenye damu yake mwenyewe.